Mama Mimba wa Makina

Batul alianza kucheka pamoja nao, kabla hajajua kwamba anayechekwa ni mama yake.

Ilikuwa siku ya soko Kawangware. Batul alikuwa ametandaza gunia lake pembeni na kupanga juu yake tabaga zake, vile vifuniko vya rangi rangi ambavyo wanawake wa Kinubi wa Kibra husuka kwa ajili ya kufunikia chakula. Mteja wake, mama mchangamfu aitwaye Wakarima, aliinua tabaga moja nyekundu, akaigeuza huku na huku, halafu badala ya kuuliza bei akaipachika tumboni chini ya shuka lake na kuanza kutembea mkono kiunoni.

"Afande, niachie nipite," Wakarima akasema kwa sauti nyembamba. "Huoni mimi ni mja mzito?"

Wanawake waliouza maharagwe hapo kando wakaangua kicheko. Mmoja wao akaikaza sauti kama mwanamume: "Lakini mama, mwaka jana ulipita hapa na tumbo hili hili! Na mwaka juzi! Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto?" Wakarima akabinua midomo. "Afande, si wewe mwenyewe ulimnywa Ijumaa?"

Batul alicheka. Kicheko kilimtoka tu, kama chafya. Kisha Wakarima akaanza kuuburuta mguu wa kushoto, akiuvuta vumbini kama mzigo usio wake, na kicheko kikamkatika Batul. Huo mguu aliujua. Aliusikia kila asubuhi ukipita kutoka kitandani hadi mekoni.

"Hayo umeyasikia wapi, mama?" aliuliza.

"Kwani wewe si wa Kibra? Ni kijana wenu! Yule mcheshi mrefu, mwenye mwanya. Kila Jumapili yuko uani kwa Thuo. Ngai! Yule ataniua siku moja. Anasema huyo mama yupo kabisa, anaitwa Mama Mimba wa Makina." Wakarima alifuta macho. "Unamjua?"

Batul alinyoosha mkono, akaichukua tabaga yake kutoka tumboni mwa yule mama.

"Hii haiuzwi," alisema.

Alifunga gunia lake soko likiwa bado limejaa, akashika njia ya kurudi Kibra. Njia nzima hakuona miti wala watu. Aliona mwanya tu.

* * *

Mwenye mwanya huo aliitwa Murjan. Mchana alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka, hapo Makina, mtaa wa Kibra. Jioni na siku za sikukuu alikuwa mtu wa kuwachekesha watu. Mwezi mmoja kabla ya siku ile, mama yake Murjan, Bi Saadia, alikuwa amekuja nyumbani kwa kina Batul na tende na sukari juu ya sinia, sinia limefunikwa kwa tabaga yake ya arusi. Hakusema mengi. Aliliacha sinia akaenda zake, na kila mtu alielewa. Nyumba ya msichana ikikubali, tabaga hurudi juu ya chakula. Ikikataa, hurudi tupu.

Tangu siku ile tabaga ya Bi Saadia ilikuwa imetundikwa ukutani, ikingoja. Ami Habib, ndugu ya marehemu baba yake Batul, hakutaka hata kuitazama. "Mtu wa kuchekesha watu?" alikuwa amesema. "Arusi gani bado wanamwita? Wazee wa Makina wamemkataza kusimama kwenye shughuli zetu. Ulimi wake hauna mlango." Mama yake Batul, Bi Fatna, alijibu kwa upole kwamba ulimi wa kijana hutulia akishaoa. Na Batul, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, alimpenda mama yake mno siku hiyo.

Sasa alisimama mbele ya cherehani, gunia begani, pumzi zikimwenda mbio.

Murjan aliinua macho. Uso wake ukafunguka kama kawaida yake kila alipomwona. Utepe wa kupimia ulining'inia shingoni mwake, na kwenye kidole chake cha shahada palikuwa na ile alama ndogo ya sindano ambayo Batul aliwahi kuibusu mara moja, nyuma ya ukuta, kisha akakimbia.

"Ya Batul! Soko limekwisha mapema hivi? Umeuza zote?"

"Mama Mimba wa Makina ni nani?"

Mguu wake ulisimama juu ya pedali.

"Nakuuliza, Murjan. Ni nani?"

"Ni... ni hadithi tu."

"Hadithi inaburuta mguu wa kushoto?"

Mzee mmoja aliyekuwa akingoja suruali yake alikohoa, akajifanya anaangalia barabara. Murjan aliinuka, akamwashiria Batul waende kando ya duka. Alikwenda, lakini hakushusha sauti.

"Wamemwigiza mama yangu sokoni! Na mimi nimecheka, Murjan. Nimecheka pamoja nao, kama mjinga!"

"Nisikilize kwanza."

"Nilikueleza wewe. Sikuieleza Kawangware!"

"Uliponieleza ulicheka mpaka ukashika ukuta," alisema Murjan. "Sikumbuki vibaya. Ulisema mama yako ni mjanja kuliko serikali nzima. Anajaza araki, pombe yake ya magendo, kwenye mpira wa gurudumu la lori, anaufunga tumboni chini ya vazi lake la gurbaba, anampita askari anamsalimia. Ulijivuna, Batul! Mimi nilimpenda mama yako zaidi siku ile. Ndiyo maana nikaisema."

"Usimtaje mama yangu na mapenzi katika neno moja."

"Basi nikwambie ukweli." Sauti yake nayo ilianza kupanda. "Nilipoanza kule kwa Thuo, nilikuwa nawaambia kisa cha mbuzi na fisi. Kisa cha karani wa reli aliyevaa viatu viwili vya mguu mmoja. Watu walikunywa chai yao, wakanung'unika kwamba sukari ni kidogo, wakaondoka. Thuo akaniambia, kijana, mbuzi wako amewachosha watu wangu. Siku nilipomtaja mama wa mimba, benchi zilijaa! Wiki iliyofuata Thuo akaazima benchi nyingine. Unajua kwa nini? Kwa sababu kila nyumba ya Kibra inajua kuhusu araki na hakuna anayethubutu kusema. Mimi nimesema."

"Umesema wapi? Hapa Makina, mbele ya watu waliokunywa araki hiyo? Hapa wangekupiga mawe. Umevuka ukaenda kuwaambia watu ambao hawamjui, ili wacheke bila wewe kuona aibu."

Hilo lilimchoma. Aliuma mdomo.

"Wazee wamenifungia milango yote hapa," alisema. "Kule wananipenda. Unataka niwe nani? Fundi wa kupunguza suruali mpaka nife?"

"Nataka uwe mtu ninayeweza kumwambia jambo!"

Batul alikuwa msichana wa maneno machache. Watu wengi wa Makina hawakuijua hata sauti yake. Leo sauti hiyo ilikuwa imejaa barabara, na hakuweza kuirudisha.

"Mimi nilikueleza nusu," alisema. "Nusu ya kucheka. Sasa sikia nusu ya pili. Mwaka ule baba alipokuja likizo ya jeshi kabla ya kwenda vitani Burma, mama alipata mimba. Mimba ya kweli, Murjan. Nani angeamini? Jirani walimpiga tumboni kwa utani, wakamwambia, mama Batul, leo umebeba galoni ngapi? Naye alicheka nao. Siku uchungu ulipomshika alikuwa peke yake na mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Alinituma kuita watu. Nilibisha milango, nikawaambia, njooni, mama anazaa. Walicheka! Mwanamke mmoja aliniambia, mwambie azae chupa mbili, moja aniwekee mimi. Nikaenda mlango mwingine. Wakacheka. Nikaenda mwingine. Walipokuja kuamini, mdogo wangu alikuwa ameshakuwa baridi. Mvulana. Na mama akabaki na ule mguu."

Murjan aliuvua utepe shingoni taratibu, akauzungusha mkononi. Macho yake yalikuwa yamelowa, na kwa muda mfupi Batul alitamani kuyafuta. Alijichukia kwa kutamani hivyo.

"Sikujua," alisema hatimaye. "Wallahi, Batul, sikujua."

"Sasa unajua."

"Nitairekebisha. Nitaifanya iwe..."

"Usiirekebishe. Iache. Jumapili wape mbuzi wako."

"Wakiondoka?"

"Waondoke!"

Yule mzee wa suruali aliita kutoka barazani, akisema kwamba jua linazama na yeye bado yuko kwa watu bila nguo. Murjan aligeuka kumwitikia. Alipogeuka tena, Batul alikuwa ameshaondoka, kabla yeye hajamwahidi lolote.

* * *

Jumapili uani kwa Thuo palijaa watu. Walikuwepo wapishi na watunza bustani waliopewa mapumziko, wanawake waliotoka kanisani na vitambaa vyao vyeupe, vijana waliokaa juu ya magogo kwa kukosa benchi. Thuo mwenyewe, mtu mnene mwenye shamba na nyumba za kupangisha hapo Kawangware, alisimama kando ya sufuria kubwa la chai akihesabu vichwa kwa macho.

Batul alisimama nyuma kabisa, kanga imefunika nusu ya uso. Alikuwa amemwomba Ami Habib asiirudishe tabaga mpaka Jumatatu. "Mpaka Jumatatu ya nini?" Ami aliuliza. Batul alitaka kuona kwa macho yake.

"Aa, wewe!" Wakarima alimwona, akasogea karibu. "Mwenye tabaga isiyouzwa! Umekuja kumsikia?"

"Nimekuja."

Murjan alipanda juu ya kreti. Alikuwa amevaa koti lake la kijivu, lile alilolishona mwenyewe. Watu walipiga makofi kabla hajafungua mdomo.

"Mimba! Mimba!" vijana wa magogoni walipiga kelele.

"Subirini," alisema. "Leo nina mbuzi."

Batul alishika ukingo wa kanga. Moyo wake ulianza kudunda kwa namna nyingine. *Amenisikia*, aliwaza. *Amenisikia mimi.*

Murjan alimleta mbuzi, akamleta fisi. Alitambaa, akabweka, akalia. Watu walicheka kidogo, kwa heshima. Alimleta karani wa reli na viatu vyake. Mtu mmoja alipiga miayo kwa sauti. Mpishi mmoja aliinuka, akajipangusa suruali. Wa pili akamfuata. Benchi la mbele likabaki na pengo.

"Hee, Murjan!" mtu aliita. "Huyo mbuzi amekufa, mzike! Tuletee Mama Mimba!"

Thuo aliacha kijiko ndani ya sufuria, akamtazama Murjan. Mtu wa tatu aliinuka.

*Waache waende*, Batul alisema moyoni. *Waache tu waende, nami nitakupikia chakula cha kujaza sinia zima.* Alimwona akitoa jasho kwenye paji la uso. Hakuwahi kumpenda kama alivyompenda wakati ule, akiwa juu ya kreti lake, anashindwa kwa ajili yake.

Murjan alilitazama benchi lenye pengo. Kisha akainua mkono.

"Haya. Kaeni. Leo nitawaambia mwisho wa Mama Mimba, ambao hamjausikia."

Walioinuka wakakaa. Uani pote palitulia. Batul aliuachia ukingo wa kanga.

Alianza pale pale walipopapenda. Alimleta askari, akaleta mpira wa lori, akauburuta mguu. Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Kisha akapiga magoti juu ya kreti ili awe mfupi. Akakunja ngumi ndogo, akabisha hewani. Ngo, ngo, ngo.

"Njooni," alisema kwa sauti ya mtoto wa kike. "Njooni, mama anazaa."

Kicheko kilipasuka kama debe linaloanguka. Watu walipiga mapaja. Akabisha mlango mwingine. "Njooni, mama anazaa!" Walilia kwa kucheka. Akabisha mwingine, na kila alipobisha sauti ikazidi kuwa ndogo, na kila ilipozidi kuwa ndogo walicheka zaidi. Wakarima alimshika Batul begani ili asianguke.

Kisha Murjan akanyamaza. Akaweka mikono yake kama mtu anayebeba kitu kidogo sana.

"Safari hii," alisema kwa sauti yake mwenyewe, "ilikuwa mimba ya kweli. Walipofika, mtoto alikuwa ameshakuwa baridi."

Mkono wa Wakarima uliteleza begani kwa Batul, ukaenda mdomoni kwake. Mpishi mmoja alivua kofia. Mwanamke wa kitambaa cheupe akaanza kulia waziwazi, na mwingine akafuata.

Halafu wakapiga makofi. Walisimama wote, wakapiga makofi kwa muda mrefu, wakimlilia na kumshangilia. Thuo aliacha chai yake kabisa, akaja kumshika Murjan mkono. "Kijana," alisema, "mwezi huu wote utakuja, na Jumamosi pia."

Batul alipita katikati yao. Kanga ilimwanguka kichwani na hakuiokota.

Murjan alimwona, akaruka chini ya kreti. Uso wake ulikuwa umelowa na uking'aa. "Batul! Umewaona? Wamelia! Hakuna atakayemcheka tena. Nimeifuta, Batul. Nimeifuta mbele yao wote!"

"Umeiigiza sauti yangu," alisema.

"Nini?"

"Nilipobisha, walicheka. Leo nimebisha tena, wamecheka tena. Umenipeleka kwenye ile milango mara ya pili."

"Lakini mwisho..."

"Mwisho wamekupigia makofi. Mdogo wangu amekufa, ukapigiwa makofi."

"Ningefanya nini? Waliinuka! Uliwaona wakiinuka!"

"Niliwaona." Sasa sauti yake ilikuwa ya chini, na Murjan aliiogopa kuliko ile ya juzi. "Niambie jambo moja, na unitazame. Kama wangebaki kwa mbuzi, ungeisema?"

Murjan alifungua mdomo. Mtu huyu ambaye hakuwahi kukosa jibu, mbele ya karani wala ya mlevi, alimtazama Batul, kisha akalitazama benchi la mbele.

Batul alisubiri. Alimpa muda wa kutosha wa kusema uongo hata mmoja. Hakusema.

"Basi," alisema Batul, akaondoka.

* * *

Bi Fatna alikuwa mekoni, akikanda unga. Aliusoma uso wa binti yake kabla hajaketi.

"Umemsikia?" aliuliza.

Batul alishtuka. "Mama unajua?"

"Mwanangu, mimi napeleka mzigo mpaka huko. Unadhani ni nani huninunulia? Nilimsikia mwezi uliopita, nimejifunika." Alikanda kidogo. "Yule askari anamwiga vizuri."

"Mama!"

"Nilicheka. Ningefanya nini? Leo amesema nini?"

Batul alimwambia yote. Mama yake aliacha kukanda pale kwenye milango. Alibaki mikono ndani ya unga, kichwa chini.

"Walicheka?"

"Kwanza walicheka. Halafu wakalia."

"Wote?"

"Wote, Mama."

Bi Fatna aliitoa mikono kwenye unga. "Miaka yote hii nimengoja Makina inililie mtoto wangu," alisema. "Kumbe wa kumlilia walikuwa Kawangware." Alijifuta jicho kwa nyuma ya mkono, akaacha unga shavuni. "Mimi nimeshamsamehe, Batul. Nipe ile tabaga ukutani. Nitaweka mkate juu ya sinia."

Batul aliishusha tabaga ya Bi Saadia. Ilikuwa ya zambarau na kijani. Aliipangusa vumbi kwa kiganja, polepole, kila duara, mpaka ikang'aa.

"Wewe umesamehe yako," alisema. "Aliyebisha milango ni mimi."

Alitoka na tabaga mkononi kabla mama yake hajamshika. Jua lilikuwa bado halijazama, na jirani walikuwa wamekaa nje. Waliona anachobeba. Waliona hakuna sinia chini yake. Mazungumzo yakakatika baraza baada ya baraza alipokuwa akipita, naye hakumtazama mtu.

Alibisha mlango wa Bi Saadia kwa ngumi. Ngo, ngo, ngo.

Aliyefungua ni Murjan. Bado alikuwa na lile koti la kijivu. Alimtazama Batul, akaitazama tabaga, na uso wake ukaanza kufunguka kwa matumaini. Akaipokea kwa mikono miwili, kama inavyopokelewa iliyojaa.

Ilikuwa nyepesi mno. Aliiinua, akaangalia chini yake.

"Batul," alisema. "Tafadhali."

Batul alitaka kumgusa kile kidole chenye alama ya sindano. Alitaka sana. Aliificha mikono yake ndani ya kanga.

"Jumamosi Thuo atakuuliza una nini kipya," alisema. "Kawachekeshe na hii."